Imeloki, sawa, ila imeloki wapi?

Kuna swali moja watu huwa hawajiulizi wakiwa wanajaribu programu mpya ya kupokea satelaiti, na ndo hilo linalowalia wikiendi nzima. Umechomeka tyuna (kifaa cha kupokea chaneli) kwenye kompyuta, programu umeshaiweka, dishi lako lina LNB nne (vile vichwa vya mbele ya dishi vinavyopokea mawimbi) na swichi katikati ya kuchagua kimoja, umebonyeza kuskani, kile kitaa chekundu kikageuka kijani, umeandikiwa imeloki, unashangilia. Haya, imeloki wapi? Satelaiti ipi, LNB ipi, bendi ipi? Maana kile kitaa hakisemi hayo hata kidogo, kinasema tu kuna mawimbi yamefika kwenye tyuna na tyuna imeyaelewa, basi. Ni sawa na kupiga hodi gizani kwenye nyumba ya wapangaji, ukasikia karibu, ukaingia bila kuuliza ni nani aliyeitikia.

Nimeona nieleze hili jambo taratibu kwa sababu maelezo mengi yanaruka moja kwa moja kwenye "weka DiSEqC 1.0, port 2, save" (DiSEqC ni lugha ya kuamrisha swichi, tutaifikia) afu isipofanya kazi unaambiwa dishi lako bovu. Mara nyingi dishi halina kosa.

Kwanza tuelewe kwa nini dishi la LNB nyingi ndo mtihani halisi wa programu. Dishi la LNB moja lina upole mno. Programu inaweza ikawa haitumi amri yoyote ya swichi, au inatuma amri iliyokosewa, na wewe usijue kamwe, kwa sababu hakuna swichi ya kuisikia hiyo amri, LNB ni hiyo hiyo moja na itajibu tu. Ndo maana unakuta mtu kaandika programu, kaijaribu kwake wiki nzima ikaenda safi, kamwachia mwenzie mwenye LNB nne, haiendi, wakaanza kubishana, na wote wawili wako sahihi.

Satelaiti zenyewe ziko juu ya mstari wa ikweta, kama kilomita 35,786 kutoka chini, kila moja na digrii yake, na ukiwa ardhini unaziona, yaani kama ungeweza kuziona, zimejipanga kwenye upinde angani. Dishi ni kioo. Kila satelaiti mawimbi yake yanakutania sehemu yake mbele ya kioo, na kama kioo chochote pande zinageuka, satelaiti iliyo mashariki LNB yake inakaa upande wa magharibi. Hilo limewatoa jasho wengi, mtu anasogeza LNB upande ule ule wa satelaiti anashangaa inazidi kupotea. Dishi la kawaida lina kitovu kimoja kizuri, LNB za pembeni zinapata kidogo kadiri zinavyoenda mbali na kitovu. Yapo madishi ya vioo viwili, linalojulikana sana ni Wavefrontier T90, hilo lina reli ndefu unaweza ukapanga hadi LNB 16 kwenye upana wa digrii 40. Kwa programu haijalishi unalo lipi, kinachojali ni kwamba LNB zote hizo mwisho wa siku zinashuka kwenye waya mmoja.

Na hapo kwenye waya mmoja ndo kuna utamu wote.

LNB ya kawaida ya bendi ya Ku inapokea kuanzia MHz 10,700 mpaka 12,750. Masafa hayo ni makubwa mno kupita kwenye waya, yangefia njiani, kwa hiyo LNB inayateremsha kwa kutoa namba fulani. Bendi ya chini inatoa 9,750, bendi ya juu, kuanzia 11,700, inatoa 10,600. Kinachofika chini kwenye tyuna ni kitu cha kati ya MHz 950 na 2,150. Afu kuna mawimbi ya wima na ya mlalo. LNB inajuaje unataka lipi? Inaangalia umeme unaoipelekea: volti 13 wima, volti 18 mlalo. Na bendi je? Ukiiwekea mlio wa kHz 22 juu ya huo umeme inaenda bendi ya juu, ukiuzima inarudi ya chini. Kwa hiyo LNB moja ina vyumba vinne: wima chini, wima juu, mlalo chini, mlalo juu. LNB nne ni vyumba 16, mlango mkuu mmoja, giza.

DiSEqC, ambayo ilitoka kwa Eutelsat, ndo njia ya kumwambia mlinzi wa mlangoni unaenda chumba gani. Inatumia mlio ule ule wa kHz 22, ila inaukatakata: kila biti inachukua milisekunde 1.5, sifuri ni mlio mrefu kimya kifupi, moja ni mlio mfupi kimya kirefu. Amri ya kuchagua mlango kwenye swichi ya milango minne ni baiti nne, zinaandikwa kwa hex (tarakimu 0 hadi 9 halafu A hadi F), E0 10 38 halafu baiti ya mwisho inayoanza na F. Hiyo ya mwisho ndo ya kuiangalia kwa macho mawili. F0 ni mlango wa kwanza, wima, bendi ya chini. F1 ni mlango huo huo wima bendi ya juu, F2 mlalo chini, F3 mlalo juu. Mlango wa pili unaanza F4 unaishia F7, wa tatu F8 hadi FB, wa nne FC hadi FF. Hesabu: namba 16, vyumba 16. Mtu akishalielewa hilo hahitaji tena kubahatisha, anafungua logi ya programu (faili inakoandika kila inachofanya), anatafuta ile baiti, anaona mwenyewe programu imeomba chumba gani. Kama programu haiandiki hiyo baiti kwenye logi hata ukiiwasha kwa ukamilifu, mimi kwa upande wangu hiyo tayari ni kasoro namba moja.

Mpangilio wa kutuma nao una adabu zake. Unazima mlio kwanza, unaweka volti unayotaka, unasubiri angalau milisekunde 15, unatuma zile baiti nne (peke yake inachukua milisekunde 54, hesabu mwenyewe, baiti ni biti nane na ya ukaguzi moja), unasubiri tena 15, unatuma ule mlio mfupi wa swichi za kizamani kama upo, unasubiri tena, ndo unarudisha mlio wa bendi ya juu kama unautaka. Kwenye Linux kila hatua ni wito wake kwa dereva (programu ndogo inayoendesha tyuna), FE_SET_TONE, FE_SET_VOLTAGE, FE_DISEQC_SEND_MASTER_CMD, kwa hiyo kazi ya kusubiri inaweza ikaachiwa programu, na programu zenye haraka zinaruka kusubiri. Dalili yake ni hii: chaneli ukiifungua mara ya kwanza haiji, ukiifungua tena inakuja. Watu wanazoea, wanasema "ndo ilivyo, bonyeza mara mbili". Sio ndo ilivyo. Ni programu imeongea kabla msikilizaji hajakaa vizuri.

Kwa hiyo ukijaribu, usijaribu chaneli moja ukatosheka. Ruka. Kutoka mlango wa kwanza wima chini nenda mlango wa nne mlalo juu, kila kitu kinabadilika kwa mpigo, volti, mlio na mlango, rudi, ruka tena mara ishirini, hesabu ngapi zimeshindwa. Halafu chomoa umeme wa kila kitu dakika moja, washa, na jaribio la kwanza kabisa baada ya kuwasha ndo lile la kuandika, kwa sababu swichi iliyolala na swichi iliyoamka hazina tabia moja.

Sasa turudi kwa yule aliyeitikia gizani.

Nikupe mfano wa karibu. Astra kwenye 19.2 Mashariki inalenga Ulaya, naitumia kwa sababu masafa yake yanajulikana sana. Kuna transponda (mrusho mmoja wa satelaiti unaobeba chaneli kadhaa) ya MHz 11,494 mlalo, kasi ya alama, yaani symbol rate, 22,000, humo ndani kuna Das Erste HD ya Ujerumani. Ni bendi ya chini, kwa hiyo toa 9,750, kwenye waya inatembea kwenye 1,744. Haya, sasa wewe unaskani bendi ya juu, umefika 12,344 mlalo. Toa 10,600, unapata ngapi? 1,744. Ile ile! Kama mlio wa kHz 22 umefika LNB inakupa cha 12,344. Kama haujafika, labda programu imesahau kuurudisha baada ya kutuma DiSEqC, labda swichi imeumeza, LNB bado iko bendi ya chini na pale 1,744 inakushushia 11,494 kwa roho safi kabisa. Tyuna ikiwa inajua kujitafutia kasi yenyewe inaloki, kitaa kijani, desibeli nzuri, na programu inaandika kwenye orodha kwamba Das Erste HD iko 12,344. Hakuna aliyedanganya hapo, kila mmoja kafanya kazi yake, na jibu ni la uongo.

Ukishaujua huu mchezo unautambua hata kwa kuangalia orodha tu: chaneli zile zile zimetokea mara mbili, na tofauti ya masafa ni 850 hivi, kwa sababu 10,600 ukitoa 9,750 ni 850. Nilishawahi kuona orodha ya chaneli zaidi ya elfu moja, nikadhani nimepata dishi la maajabu, kumbe karibu nusu ni vivuli.

Tiba yake ni kuuliza jina. Ndani ya mkondo wowote wa DVB (mfumo wa TV ya dijitali) kuna meza za taarifa zinazopita muda wote, NIT, meza ya mtandao, iko PID 16, SDT, meza ya chaneli, iko PID 17 (PID ni namba ya kutambulisha pakiti ndani ya mkondo), na humo mkondo unajitambulisha wenyewe kwa namba ya mtandao wa asili na namba ya mkondo. Astra 19.2 mtandao wake ni 1, Astra 28.2 ni 2, Hot Bird 13 Mashariki ni 318. Ile transponda ya Das Erste HD mkondo wake ni 1019. Kwa hiyo umeomba mlango wa pili ambako umeweka Hot Bird, imeloki, ukisoma SDT unakuta mtandao namba 1, hapo hamna haja ya mjadala, aliyeitikia ni mpangaji wa chumba kingine. NIT inaenda mbali zaidi, inaandika mpaka digrii za satelaiti na kama ni mashariki au magharibi, pamoja na masafa. Usiiamini peke yake lakini, warushaji wengine wananakili NIT kutoka mahali pengine bila kuirekebisha, unakuta inasema masafa ambayo hayapo. Namba za mtandao na mkondo ndo za kutegemea zaidi, afu NIT iwe shahidi wa pili. TSDuck inakusomea hizi meza zote kwa maandishi bila kukuzungusha, na zana ndogo za dvbv5 kwenye Linux zinatosha kuloki bila programu kubwa yoyote kuingilia, kwa hiyo ukitaka kujua tatizo ni la programu kubwa kama Tvheadend au VDR au ni la waya, loki kwanza kwa hizo ndogo.

Na kama hutaki kusoma meza kuna njia ya kienyeji ambayo mimi naipenda zaidi kuliko zote. Panda na karatasi ya alumini ya jikoni. Funika mdomo wa LNB moja. Chini mwenzio anaangalia kipimo. Kikianguka hapo hapo, ndo hiyo inayoongea. Kisipoanguka, funika inayofuata. Kitambaa kilicholowa maji nacho kinafanya kazi kwa sababu maji yanameza masafa haya (ndo maana mvua kubwa inakata picha). Dakika tano tu umejua mlango namba ngapi kwenye programu ni LNB ipi juu ya mkono, na mara nyingi utagundua programu inahesabu milango kuanzia sifuri wakati swichi imeandikwa kuanzia moja. Ukiweka 1 ukidhani ni mlango wa kwanza, umeenda wa pili. Wangapi wameshanunua LNB mpya kwa kosa hili.

LNB zikizidi nne mambo yanachangamka. Hapo unahitaji swichi juu ya swichi: kubwa ya milango mpaka 16 inayosikia amri ya E0 10 39, na nyuma yake ndogo za milango minne zinazosikia ile ya 38. Shida ni kwamba swichi ndogo haina umeme mpaka ile kubwa iwe imeshachagua kuelekea kwake. Programu inatuma 39, kubwa inageuka, papo hapo inatuma 38, ndogo ndo kwanza inapata umeme, inasikia nusu ya sentensi. Amri imepotea. Ndo maana kuna kitu kinaitwa kurudia: amri inatumwa tena baada ya kama milisekunde 100, safari hii ikianza na E1 badala ya E0, maana yake "hii ni marudio". Kwenye programu utaona sehemu ya idadi ya marudio, mara nyingi imewekwa sifuri. Weka moja. Kama programu haina hiyo sehemu kabisa, usiilaumu swichi yako, na usikubali mtu akuambie swichi juu ya swichi haiwezekani.

Kuhusu vipimo, hapa nina kinyongo kidogo. Asilimia. Programu hii inasema signali ni asilimia 80, ile inasema 17, dishi lile lile, dakika ile ile. Asilimia ya nini? Hakuna kipimo cha pamoja, kila dereva ana yake. Kwenye Linux ya sasa dereva anaweza akatoa kipimo cha ubora, yaani signali dhidi ya kelele, kwa desibeli, ikiandikwa kwa elfu moja, yaani 11200 maana yake desibeli 11.2, au akatoa namba ya kulinganisha tu kati ya 0 na 65535, na anasema wazi ametumia ipi. Programu isiyosoma hiyo alama inachukua 11200 inagawa kwa 65535 inakuandikia asilimia 17, nawe unapanda juu na spana kwenda kuharibu dishi lililokuwa sawa kabisa, maana desibeli 11.2 ni nzuri. Ili ujue nzuri ni ipi (QPSK na 8PSK ni namna za kupakia data kwenye mawimbi, sehemu kama 3/4 ni kiasi cha data halisi, inayobaki ni ya kurekebisha makosa): DVB-S2 ya QPSK 3/4 kinadharia inahitaji kama desibeli 4, 8PSK 2/3 kama 6.6, 8PSK 5/6 kama 9.4. Kwa hiyo LNB ya pembeni yenye desibeli 8 itafungua transponda moja vizuri na nyingine itakatakata, satelaiti ile ile, na sio kosa la programu.

Kuna jambo la joto pia. Ile namba LNB inayotoa, 9,750, sio 9,750 kamili, inapishana kidogo, MHz moja au mbili, na inahama LNB ikipigwa jua au ikipoa usiku. Kwa transponda ya kasi 27,500, ambayo ina upana wa kama MHz 37, huko kuhama huoni kitu. Kwa mkondo mwembamba wa kasi 2,000 wenye upana usiofika hata MHz 3, umeshaupita. Programu nzuri inatafuta pembeni kidogo ikikosa katikati. Ukitaka kuijua, chagua transponda nyembamba, ifungue saa sita mchana, ifungue tena saa kumi alfajiri.

Majina ya chaneli ni jaribio dogo ila linachekesha. Baiti ya kwanza ya jina inaweza kuwa ya kusema maandishi ni ya aina gani, 2 ni Kiarabu, 1 ni Kisirili, hex 15 ni UTF-8. Programu iliyojaribiwa kwenye satelaiti moja tu ikikutana na nyingine inaandika uchafu mtupu. Dishi la satelaiti nne linakuonyesha hilo kwa skani moja.

Vitu vya namna hiyo, majina, ratiba za vipindi, kurekodi, hata huhitaji dishi kuvijaribu. Rekodi mkondo mzima wa transponda moja kama faili, zipe programu unazolinganisha faili hilo hilo, hapo hakuna mvua wala waya wa kusingizia. Kwenye Linux tangu kernel 5.10 kuna dereva wa bandia anaitwa vidtv, anajifanya tyuna na kutoa mkondo wa kutunga, unamtumia kuona kama programu yenyewe iko hai kabla hujagusa ngazi. Ila amri za swichi hawezi kukuthibitishia, hizo lazima juu.

Jaribio ambalo mimi naliacha la mwisho ni tyuna mbili kwenye waya mmoja. Moja inarekodi mlango wa kwanza wima, ya pili inaombwa mlango wa tatu mlalo. Waya mmoja hauwezi kubeba volti 13 na 18 kwa pamoja, kwa hiyo jibu sahihi la programu ni kukataa ya pili, au kukupa tu chaneli zilizo chumba kile kile cha ile inayorekodi. Programu ambayo haijaambiwa kwamba hizo tyuna zinashea waya, au imeambiwa ikapuuza, itageuza swichi katikati ya rekodi. Hutaona kosa lolote wakati huo. Utaliona kesho yake ukifungua rekodi, dakika kumi na mbili za kwanza safi, halafu giza, halafu, kama una bahati mbaya zaidi, muziki wa chaneli nyingine kabisa.